Kopo la Kakao Chini ya Kitanda

Kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, mtu ambaye hajagusa ugali hajala. Unaweza kumpa kuku mzima, na samaki, na sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya mawese mpaka ajikune tumbo, lakini ukimuuliza jioni atakwambia leo nimeshinda na njaa. Na ugali wenyewe hauliwi kila mtu na wake. Unawekwa katikati, mlima mmoja, mboga pembeni, watu wananawa, mikono inaingia. Ukitaka kujua nani ana ugomvi na nani katika nyumba, usiulize. Angalia mkono gani haujaingia.

Ninaanza na hilo kwa sababu mimi nimeacha ugali miaka mingi sasa, na siku nilipouacha sikujua ninaacha nini kingine pamoja nao.

Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kwa masista, halafu baba akasema inatosha, mihogo haisomwi. Kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema.

Vita ile ya kwanza ilipotufikia, mume wangu alikuwa ameshakufa kwa homa, akaniachia mwana mmoja. Mwana huyo alikuwa fundi wa kushona. Siku ya kukimbia alirudi nyuma kuchukua cherehani yake, akasema atatukuta ziwani. Tulimngoja pale ufukoni mpaka wenye boti wakachoka na sisi. Hakutukuta. Tukavuka watu watatu: mimi, mkamwana wangu, yaani mke wa mwanangu huyo, na mtoto wao wa kike, bado ananyonya. Tukashuka Tanzania kwa malori, mwisho tukaingia Malawi na kuletwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Dzaleka ilikuwa jela zamani. Watu walikuwa wakisema hivyo kama mzaha, lakini upepo wake wa mwezi wa sita hauna mzaha. Walitugawia mahindi, maharagwe na mafuta. Tukajenga nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, mlango mmoja. Mkamwana wangu alikuwa akisonga ugali mzuri, mgumu, wa kukatika vizuri mkononi. Wamalawi wanaita nsima na wanaufanya laini kama wanamlisha mgonjwa. Jioni tulikaa watatu, sahani moja, na mtoto alipoanza kuota meno mimi ndiye niliyemkandia tonge lake la kwanza. Alikuwa ananiita tate, ndivyo tunavyowaita bibi kwetu.

Vita ya pili ilianza tuko pale. Tulisikia kwenye redio ya jirani majina ya vijiji vyetu yakisomwa na mtu asiyejua kuyatamka. Basi nikasema hapa hakuna kurudi leo wala kesho, mtoto anataka viatu. Nikaenda Lilongwe kutafuta kazi ya jikoni.

Nilipata kwa mama mmoja mjane. Alikuwa amepiga taipu ofisi za serikali kule Capital Hill mpaka akastaafu. Alikuwa rika langu, lakini kila mtu pale alimwita agogo, ambayo kwa Kichewa ni bibi au babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa na jiko la umeme na kimya kingi. Watoto wake wote walikuwa ng'ambo. Yeye alikula mezani, mimi nikala jikoni kwenye kigoda, nsima yangu ya peke yangu. Huko ndiko nilikoanza kujifunza kula bila mtu. Kila wiki mbili nilirudi Dzaleka na sabuni na dagaa, na mtoto alinikimbilia tangu kule kwenye bomba la maji.

Kisha nikaanza kukonda. Nilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na usiku sikulala kwa kwenda chooni. Sikumwambia mtu. Miaka ile mtu akikonda watu walishajua, hata kama hawajui kitu. Walikuwa wanakuhesabia siku, huku wanakusalimu kwa adabu. Siku moja nikaanguka mbele ya sinki, sahani ya agogo mkononi. Alinipeleka kliniki mwenyewe. Nesi akanitoboa kidole, akatazama, akamwambia agogo kitu kwa Kichewa, na agogo akacheka, tena kwa sauti.

"Tuna ugonjwa mmoja," akaniambia. "Sukari. Mimi nina mwaka wa sita."

Jioni ile akanivuta kiti mezani.

"Leo unakula hapa."

"Agogo, nsima yangu iko jikoni."

"Hiyo nsima ndiyo inayokuua. Kaa chini."

Alipika yeye, mimi nikaangalia. Aliweka nyama ya mbuzi kwenye mafuta mpaka ikaiva rangi, akatia vitunguu mpaka vikaungua kidogo pembeni, nyanya, kitunguu saumu, pilipili. Halafu akashusha kopo kutoka kabatini. Niliujua unga wake kwa harufu kabla sijauona. Masista walikuwa wakitupa kakao Krismasi, kikombe nusu, tamu mpaka meno yanauma.

"Agogo, kakao kwenye nyama?"

"Kwenye nyama."

"Na sukari?"

"Sukari hakuna. Huna masikio?"

"Kakao bila sukari ni nini sasa?"

"Mume wangu alikufa hana jino hata moja, nami nilimpenda hivyo hivyo," akasema. "Koroga."

Alivuruga kijiko kimoja kwenye maji ya moto kwanza, ili kisifanye madonge, akamimina, nami nikakoroga. Mchuzi ukawa mwekundu mweusi, kama udongo wa Dowa, kule kambini, mvua ikipita, ukawa mzito bila unga wowote. Nililamba kijiko kikavu, nikataka kutema. Chungu kama kinini. Lakini ndani ya nyama ule uchungu ulikaa nyuma ya ulimi kama mzee mgeni anayekaa karibu na mlango: hasemi kitu, lakini wote mnakaa vizuri kwa sababu yake. Tulikula na kabichi. Agogo alichovya majani mazima katika maji ya moto mpaka yakalegea, akalikunja jani mkononi na kuchotea mchuzi, kama tonge. Nilimwangalia, nikafanya vile vile. Mkono wangu ulifurahi kupata kazi.

Kakao si dawa. Ninasema kwa sababu watu wananiuliza. Dawa ni vidonge na kuacha ugali. Kakao ilikuwa ya kunidanganya tu, mboga iwe na uzito, nisione lile shimo katikati ya sahani.

Nilijifunza mengi kwenye jiko lile. Uyoga wa masika na kakao na karanga zilizotwangwa, hapo hata mfalme atalamba mkono. Biringanya zilizochomwa, zikapondwa. Dagaa wa Malawi, wale wanaoitwa usipa, wakaangwe wakauke kwanza, na pilipili iwe nyingi. Mayai unayapasulia ndani ya mchuzi unaochemka, unafunika. Lenga-lenga, yaani mchicha, haitaki kakao. Nimejaribu mara tatu, inakuwa kama majani yaliyokanyagwa na mbuzi.

Mwaka haukuisha, binti wa agogo akaja kumchukua kwenda naye ng'ambo. Aliniachia makopo mawili na sufuria yenye mfuniko wake. Tukaagana jikoni. Alinishika mkono akasema, "Usione haya kuwaambia." Nikasema ndiyo, agogo, nikamshukuru kwa Kichewa, zikomo. Nikapanda gari kurudi Dzaleka, na kabla sijafika nilishaamua sitamwambia mtu.

Mimi ndiye niliyewavusha ziwa. Mkamwana wangu alikuwa analia, mimi ndiye niliyeshika mtoto na kusema kaa, inama, nyamaza. Ningemwambiaje kwamba sasa mimi ni mzigo, mzee wa vidonge? Tena ninavyokonda, nikisema sukari, nani angeamini ni sukari?

Jioni ya kwanza akaweka ugali katikati.

"Mama, karibu."

"Kuleni. Sina njala."

Jioni ya pili vile vile. Ya tatu nikawasha moto wangu kando, nikapika uyoga wangu, nikala na kabichi yangu nimewapa mgongo. Kopo nililifunga kwenye kitenge na kulisukuma chini ya kitanda, nyuma kabisa. Nililificha ili nisiulizwe. Mtu mzima na akili zangu, mtu wa kwetu, nikafanya hivyo.

Maana kwetu kuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu. Wanasema ni unga, wanasema mwenye nao anauficha vizuri, anautia kwenye chakula kwa ncha ya kucha, na mtu hafi leo: anakonda polepole. Ndiyo maana kwetu anayekupa chakula au pombe anaonja kwanza, uone kwa macho yako, kisha anakupa. Na mwenye karuho unamjua kwa nini? Kwa kuwa hali sahani moja na wengine. Sasa hesabu mwenyewe. Bibi anayerudi mjini, hagusi ugali wa nyumba, anapika peke yake, ana unga mweusi chini ya kitanda. Kama angekuwa jirani yangu, mimi ningekuwa wa kwanza kusema.

Aliyekuwa wa kwanza ni mama mmoja wa Uvira, nyumba ya pili, mwimbaji wa kwaya, sauti yake inafika bomba la maji bila yeye kwenda. Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita hivi. Siku moja alikuja kwenye moto wangu, akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba, akakunja uso, akachovya tena. Nikampa jani la kabichi, akala nami. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kula na mtu. Usiku akaumwa tumbo. Alikuwa amekula mapera mabichi mchana kutwa na wenzake, mbegu zilionekana asubuhi, kila mtu aliziona.

Kesho yake mkamwana wangu akaja, macho chini.

"Mama, mtoto hatakula huku kwanza."

"Kwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo ya mapera."

"Njo ile, mama," akakubali. "Ya mapera."

Akahamisha mafiga yake nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo walikula huko, wao wawili, na mimi mbele ya nyumba na sufuria yangu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia tonge likikandwa, nilisikia mtoto akinyonya vidole. Kanisani, siku ya chakula cha pamoja, nilipeleka bakuli la biringanya, nikalirudisha nyumbani limejaa, limefanya ngozi juu. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu vizuri sana. Nilikuwa ninaweka sahani mbili hata hivyo, moja yangu na moja tupu, na baadaye naziosha zote mbili, ili jirani akisikia asijue kwamba ninakula peke yangu.

Nilijua dawa yake. Ningechukua sufuria, nikaenda mbele yao, nikaonja. Lakini kuonja bila kuombwa ni kukubali kwamba umeshtakiwa. Na mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe wake onja, hilo ni tusi la kuvunja ukoo. Basi yeye aliningoja mimi, mimi nilimngoja yeye. Miezi minne.

Mwezi wa tano akaja tena. Alikuwa amepata mtu wa Mitundu, kule upande wa pili wa Lilongwe, mwenye cherehani mbili sokoni, anataka fundi. Mume wake alikuwa amemfundisha kushona kabla ya vita. Atakwenda na mtoto.

"Lini?"

"Siku ya posho, mama. Nimeshapana neno yangu."

Nikasema vizuri. Nikasema kazi ni kazi. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, kopo liko chini yangu.

Sasa, kwetu hakuna anayesafiri bila kula kwa mama mkwe wake. Hata kama mnachukiana. Akiondoka na njaa, njia itamkataa. Kwa hiyo jioni ya mwisho walikuja kukaa mbele ya nyumba yangu, wamevaa nguo safi kama wageni. Nilikuwa nimenunua kuku. Ugali niliusonga mwenyewe, kwa ajili yao, mgumu kama wa kwetu. Na huyo kuku ningeweza kumpika kwa mafuta na chumvi tu, wakala, wakaenda zao, mambo yakaisha. Nilifikiria hivyo nikiwa nimeshika kijiko. Nikatia kakao. Vijiko viwili. Nilisema moyoni, kama mnaniogopa, niogopeni vizuri.

Nikaweka ugali katikati. Nikaweka kuku, mweusi, anang'aa. Tukanawa. Mkamwana wangu akasali, sala ndefu, alipita mpaka kwa marais. Kisha amina, na hakuna mkono ulioingia.

Mtoto ndiye aliyenyoosha wake. Mama yake akaukamata hapo kwenye kifundo, polepole, bila kumwangalia. Mkono ule mdogo ukabaki juu ya mboga, umefunguka, unangoja.

Nimeona maiti njiani kutoka Fizi. Lakini mkono ule sikuweza kuutazama.

Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta kile kitenge, nikatoka na kopo na kuliweka kando ya ugali.

"Mama, mi sikusema kitu," akasema.

"Njo ile inaniua, kunyamaza kwako."

Nikafungua, nikajaza kijiko, nikatia mdomoni, unga mkavu. Usijaribu. Ulipanda puani, ulishuka kooni, nikakohoa wingu la kakao mbele ya wageni wangu, machozi, makamasi, mdomo wote mweusi. Mtoto akacheka mpaka akaanguka nyuma.

"Tate iko na ndevu," akasema.

Nilipopata pumzi nikasema, "Niko na ugonjwa ya sukari. Tangu Lilongwe. Bugali inaniua. Hii ni kakao, ile ya masista, haina sukari. Sina kingine chini ya ile kitanda, ni kopo ya pili ya hii tu, ingia uangalie."

Mkamwana wangu alikuwa bado ameshika mkono wa mtoto.

"Ile ya kukunywa maji mingi?"

"Njo ile."

"Na kukonda?"

"Na kukonda."

"Mi nilifikiri..." Akaacha.

"Ulifikiri nini? Sema leo, kesho uko Mitundu."

"Bantu banasema bintu mingi, mama. Siku moja nilifikiri hii, siku moja nilifikiri ile. Siku ingine nilifikiri umetuchoka tu. Njo hiyo ilikuwa mubaya zaidi."

Nilichota kuku na jani langu la kabichi, nikala mbele yao, nikameza, nikafungua mdomo kama mtoto anayeonyesha amemeza kidonge. Ndipo akauachia ule mkono. Mtoto akaingia na vidole vyote vitano. Mama yake akamega ugali, akachovya kidogo tu, pembeni, akatafuna akiangalia mbali.

"Ni chungu."

"Kidogo."

"Chumvi iko sawa," akasema. Miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kusifu mboga yangu, na huo ndio ulikuwa wimbo wake wa sifa.

Tulikula mpaka sufuria ikawa na mifupa tu. Giza lilipoanza kuingia, akawa anafuta mikono ya mtoto kwa kanga yake, akasema bila kuinua uso:

"Ungesema mbele ya leo, mama, singepana neno yangu kule."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ningesema, vunja hilo neno, baki. Maneno mawili. Nilikusanya sahani nikasema mtoto alale mapema, gari halingoji.

Asubuhi alipita kwenye bomba na ndoo ambayo hakuihitaji, akasimama kwenye foleni katikati ya wanawake wote, akasema kwa sauti kubwa kuliko ya kwaya: mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na ule unga mweusi ni kakao ya kunywa, na jana nimekula na bado niko hai. Kisha akarudi, akamfunga mtoto viatu, wakaenda. Kijana wa kabaza alibeba mzigo wao kwenye baiskeli, wao wakatembea nyuma yake. Mtoto aligeuka mara tatu. Nilihesabu.

Yule mama wa Uvira alikuja baada ya wiki, akakaa, akakohoa, akaniuliza kama ile poda inaweza kusaidia miguu yake inayovimba. Nikamwambia aende kliniki. Hakukaa kula. Sikumkaribisha.

Kopo la kwanza liliisha masika yaliyofuata, la pili nililikwangua na ncha ya kisu. Mkamwana wangu alikaa Mitundu, akaolewa tena huko, sikumlaumu, mwanangu hajarudi mpaka leo. Alinitumia mtoto likizo za shule, siku nne, siku tano. Mtoto huyo amemaliza sekondari, jamani, na leo anafanya kazi Lilongwe dukani, anaandika Kiingereza kama anakunywa maji. Yeye ndiye anayeninunulia kakao. Anakuja mara mbili kwa mwaka, tatu kama bosi wake ana moyo. Akifika havui hata viatu. Anafunua sufuria, anachovya kidole, anaonja yeye kwanza, kabla yangu, na ananiangalia huku anameza. Hatujawahi kulizungumza.

Siku nyingine zote ninaonja mwenyewe. Ninachota kwa jani la kabichi, ninameza, ninafungua mdomo kidogo, halafu ninakumbuka kwamba hakuna anayeangalia.